Kongamano la Siku Tatu na Bustani ya Mwezi Mzima

Tarehe 1 Julai 1858, mbele ya jumuiya ya wanasayansi iitwayo Linnean Society jijini London, ilisomwa kazi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace kuhusu uteuzi asilia. Waandishi wote wawili hawakuwepo. Wallace alikuwa mbali, kwenye visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, akikusanya wanyama na wadudu. Darwin alikuwa nyumbani kwake kijijini Down, na siku hiyohiyo familia ilikuwa inamzika mwanawe mdogo aliyefariki siku tatu kabla. Marafiki zake, Charles Lyell na Joseph Hooker, ndio waliopeleka kazi ile mkutanoni kwa niaba yao.

Ndugu mwanachuo, nimeanza na habari hiyo kwa sababu wengi wetu tunaamini kuna njia mbili tu: ama uende kwenye kongamano na nyumbani kuharibike, ama ubaki nyumbani na utafiti wako usijulikane. Siyo kweli. Darwin alifanya majaribio mengi ya mimea kwenye bustani yake na kwenye banda la vioo, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake na wanasayansi wenzake ilipita kwa barua. Lakini tusimsifie bure. Alikuwa na mali, mke wake Emma aliyeiendesha nyumba, watumishi na watu wa bustani. Sisi tuna boom, chumba cha kupanga na vitanda vinne vya mboga nyuma ya nyumba. Kwa hiyo inabidi tupige hesabu.

Hesabu ya kwanza: siku za kweli

Tuseme kongamano ni la siku 3 Nairobi na wewe unatoka Dar es Salaam kwa basi. Kwenda ni siku nzima, kurudi siku nzima. Ukirudi, siku moja inaishia kwenye usingizi na nguo chafu. Hizo ni siku 6. Ongeza wiki moja kabla, ambayo utakuwa unahangaika na bango, slaidi na barua za ruhusa. Kumbe siku 3 zimekuwa karibu wiki 2 ambazo kichwa chako hakipo nyumbani. Mwambie anayeishi na wewe wiki 2, usimwambie siku 3.

Na kama nchi unayokwenda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kwamba cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Hilo haliwezi kumalizwa usiku wa kuamkia safari.

Hesabu ya pili: bustani ihesabiwe kurudi nyuma

Uzuri wa kongamano ni kwamba tarehe yake inatangazwa mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla. Siku unayotuma ikisiri, chukua kalenda, weka alama siku ya kuondoka, kisha hesabu kurudi nyuma.

Mchicha huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kusiwa. Ukiusia mwezi mmoja kabla, utavuna na kuuza kabla hujapanda basi, na kitanda kitabaki tupu bila kumdai mtu maji. Miche ya nyanya au sukuma wiki iliyohamishwa karibuni ndiyo yenye hatari. Siku zake za mwanzo haivumilii kiu. Basi ihamishe angalau wiki 3 kabla ya safari, au iache kitaluni mpaka urudi. Kitalu cha mita 1 kwa mita 1 kinahitaji maji kidogo, hata mtoto wa shule anaweza kukihudumia. Vitanda vyote ni vingine.

Kwa mimea inayobaki, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kugusa shina. Udongo utatunza unyevu, na anayemwagilia kila siku anaweza kuruka siku. Kama safari imeangukia masika, maji siyo shida sana. Shida ni magugu na mifereji iliyoziba. Shughulikia hayo kabla.

Hesabu ya tatu: anayebaki

Hapa ndipo wengi tunakwama. Tunasema, "Mama atamwagilia," au "Dogo yupo." Hatujamuuliza mama, na dogo ana mitihani. Fomu ya kuomba fedha za safari huwa na nauli, malazi na chakula. Mara nyingi haina mstari wa mtu anayebaki. Kwa hiyo kazi yake inaonekana ni bure, na wenye watoto au wazazi wagonjwa, hasa akina dada, wanaacha hata kutuma ikisiri.

Makubaliano yawe wazi. Keti na huyo jirani, ndugu au mwenzako wa chumba. Mwonyeshe vitanda, bomba, saa ya kumwagilia, na namba ya kupiga kukitokea jambo. Kisha mkubaliane anapata nini: mboga za siku hizo zote ziwe zake, au sehemu ya posho yako. Na wewe ukirudi, ujue zamu yake inakuja. Akisafiri yeye, ndoo ni yako.

Ikishindikana kusafiri

Kuna wakati hesabu zote zitagoma. Mtoto ana homa, au ni wiki ya kuvuna na mavuno hayo ndiyo ada. Usifute jina lako kimya kimya. Waandikie waandaaji mapema uulize kama unaweza kuwasilisha kwa njia ya mtandao. Kama kazi mmeandika wawili au watatu, mwenzako anaweza kusimama mbele ya bango kwa niaba ya wote, kama walivyofanya Lyell na Hooker. Zungumzeni hilo na msimamizi wenu tangu siku ya kutuma ikisiri, siyo siku ya safari.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina la kufanya. Inapokaa na uongozi wa chuo kuzungumzia fedha za makongamano, iombe fomu iwe na mstari mmoja zaidi: gharama ya malezi na kazi za nyumbani wakati mwanafunzi hayupo. Hata kikiwa kiasi kidogo, kinamlipa mtu anayebaki, na mwenzetu mwenye mtoto anapata sababu ya kutuma ikisiri yake safari hii.