Tutie Mkono Ndani: Kukagua Injini ya Gari Lililotumika



Amepokea Abu Hurayra (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu watu wakaona.

Mwaka 2021 sisi walimu tulipoinunulia madrasa gari lililotumika, hatukutia mkono ndani. Tulikuta injini imeshawashwa, inanguruma vizuri, tukafurahi.

Ewe mnunuzi, omba gari lisiwashwe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ngoja lipoe. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi haitishi sana. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Fungua rejeta ingali baridi (ya moto itakubabua uso!) utazame kama kuna oili inayoelea. Zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya injini isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa makusudi. Kisha washa, utazame moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji.

Yote hayo hayatoshi bila kupima kompresheni. Lete fundi wako, si wa muuzaji. Atafungua plagi, atafunga geji, atazungusha injini. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna ugonjwa. Amimine kijiko cha oili humo, apime tena: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kikibaki palepale, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Sisi moshi wa buluu tuliuona siku ya tatu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha, hata kama muuzaji wa gari alisema "nauza kama lilivyo". Lakini arudishe mara tu aijuapo, wala asiendelee kulitumia. Sisi tuliona haya, tukabeba watoto wiki mbili zaidi. Tulipolirudisha, muuzaji alituuliza tumeijua aibu tangu lini. Tukanyamaza. Ringi mpya zikala michango ya wazazi ya muhula mzima.