Rehani ya Shamba na Siku ya Mnada

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kutekelezwa nchini Kenya, wakulima waliambiwa kwamba mwenye shamba lililopimwa na kuandikishwa ataweza kukopa fedha za kuliendeleza. Ikawa hivyo. Lakini hati iletayo mkopo yaweza pia kuliondoa shamba, na miaka ya shida ndiyo hulidhihirisha jambo hili. Mwaka 2020, biashara ziliposimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kuwapa wadeni nafasi zaidi. Ruhusa hiyo ilikwisha Machi 2021. Kisha riba zikapanda. Kiwango cha Benki Kuu, kilichokuwa asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022, kilifika asilimia 13 mwezi wa Februari 2024. Mtu aliyekuwa akilipa kwa taabu akashindwa kabisa.

Kuweka rehani si kuuza. Mwenye shamba hubaki kuwa mwenyewe, ila amempa mkopeshaji uwezo wa kuliuza ikiwa deni halikulipwa, tena bila kwenda kwanza mahakamani. Maneno haya ya mwisho ndiyo ambayo wengi hawayajui. Hudhani ya kuwa hakuna kitu kitakachouzwa mpaka hakimu aamue, nao hukaa nyumbani wakingoja kuitwa. Hawaitwi. Mdeni ndiye apaswaye kwenda mahakamani kuomba mnada uzuiwe.

Hata hivyo mkopeshaji hawezi kuamka tu na kuuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamtaka angoje mwezi mmoja tangu malipo yalipokatika. Baada ya hapo humpelekea mdeni ilani ya kwanza, iliyoandikwa, yenye kutaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi mitatu kukilipa. Asipolipa, hutolewa ilani ya pili, ya kuuza, na mnada hauwezi kufuata kabla ya siku 40. Naye dalali, kwa kanuni za mwaka 1997, sharti ampe mwenye mali siku 45 za kukomboa. Kabla ya kuuza, shamba lazima lithaminiwe na mthamini, kwa sababu mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri iwezekanavyo.

Sasa tuchukue mfano. Mzee mmoja mwenye ekari tano za chai ampa mtoto wa ndugu yake hati ya shamba, ili kijana apate mkopo wa kununua lori. Mzee atia sahihi. Fedha hazioni kwa macho. Mizigo yaadimika, lori lasimama, na barua zote za benki zaenda kwenye sanduku la posta la kijana huko mjini. Mzee apata habari siku ile karatasi ya dalali ibandikwapo kwenye lango lake.

Je, afanye nini? Akienda mahakamani na kusema, “Fedha zililiwa na kijana, mimi sikuonja hata senti,” hatasaidiwa, kwa sababu aliiweka ardhi yake kuwa dhamana kwa hiari yake. Akisema hali ya biashara ni mbaya, jaji atamhurumia, lakini huruma si sababu ya kisheria. Bali akionyesha kwamba yeye, mwenye ardhi, hakuletewa ilani, ameshika jambo lenye nguvu. Vivyo hivyo ikiwa nyumba iliyomo shambani ni makao ya ndoa, na mkewe hakukubali rehani hiyo. Sheria yasema rehani ya makao ya namna hiyo haina nguvu bila idhini ya mwenzi. Na ikiwa ni shamba la kilimo katika eneo lililo chini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, idhini ya bodi nayo huhitajika.

Wengine hushindania kiasi cha deni. “Mimi sidaiwi shilingi 900,000, nadaiwa 700,000.” Huenda ni kweli, na hesabu za benki si maandiko matakatifu. Tangu mwaka 2007 Sheria ya Benki yaamuru kwamba mkopo ukishaharibika, riba inayoendelea kuongezeka isizidi kiasi cha fedha zenyewe kilichokuwa kimebaki wakati huo. Aliyebakiwa na shilingi 400,000 hawezi kutozwa juu yake riba zaidi ya 400,000 nyingine, mbali na gharama za kudai. Lakini kwa kawaida mahakama haizuii mnada kwa ugomvi wa hesabu peke yake. Hutaka mdeni alipe kile anachokikubali, au aweke fedha mahakamani.

Yafaa pia kujua mlango wa kugonga. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mashauri ya deni na hesabu za rehani ni ya Mahakama Kuu, si ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayekosea mlango hupoteza siku, na siku ndizo alizonazo chache.

Kwa maana nyundo ya dalali ikishaanguka mambo hubadilika. Haki ya kulipa deni na kulikomboa shamba hudumu hadi mkopeshaji na mnunuzi wapatane. Baada ya hapo mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria, hata kama ilani zilikuwa na kasoro, na mwenye shamba hubakiwa na haki ya kumdai fidia yule aliyeuza. Mzee wetu angepata fedha pengine, lakini si michai yake.

Fedha za mnada hulipia kwanza kodi na madai mengine yanayotangulia, halafu gharama za kuuza, kisha deni. Zikizidi, zilizobaki ni mali ya mwenye shamba, naye yampasa aulize hesabu kwa barua na kutunza nakala. Zikipungua, deni lililobaki halifutiki, na aliyekopa aweza kushtakiwa kwa ajili yake.