Kijana anasoma ‘kompyuta’ Mzumbe, anasoma nini hasa?

MZEE mmoja wa Mbamba Bay, mfanyabiashara wa usipa, alinifuata baada ya Swala ya Ijumaa hapa Mbinga akiwa amenuna. Kijana wake, niliyemfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, alikuwa nyumbani likizo kutoka Chuo Kikuu cha Mzumbe.

“Ustadhi,” akaniambia, “mwaka wa pili huu anasoma kompyuta. Nimempa simu yangu iliyozima, kashindwa kuitengeneza. Sasa anasoma nini huyu?”

Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani swali hilo nimeulizwa hata na Waislamu wasomi wa Songea na Dar es Salaam.

Shahada yenyewe ni ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano pamoja na Menejimenti, ya miaka mitatu. Mzumbe, kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kikiandaa maofisa na watawala. Ndiyo maana kozi ina miguu miwili: huku programu, mitandao na hifadhidata, huku uhasibu na uendeshaji wa taasisi. Ufundi simu ni kazi ya heshima, lakini husomewa kwingine.

Nikamwambia, mzee wangu, tazama kahawa yetu. Mkulima wa Umatengo anaipeleka chama cha msingi, inapimwa, inaandikwa, inakobolewa, inapangwa madaraja, inauzwa mnadani, ndipo fedha zirudi. Kilo zikikosewa kwenye mzani wa kwanza, kosa hilo linasafiri mpaka kwenye malipo yake. Kununua kompyuta na kuiweka pale ofisini ni kazi ya siku moja. Je, nani ataruhusiwa kubadili kilo zikishaandikwa? Umeme ukikatika katikati ya kupima, zitaandikwa wapi? Karani akiondoka, neno la siri anabaki nalo nani? Hayo ndiyo kijana wako anayosomea.

Mzee akanyamaza. Kisha: “Kumbe kama daftari langu la madeni ya usipa.”

Hakukosea sana. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba akabidhiwe hazina za Misri alijieleza kwa sifa mbili, ulinzi na ujuzi. Watu hupenda kuitaja ya pili. Kwa anayetunza taarifa za watu, ile ya kwanza sasa ina sheria yake hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa niseme langu. Kijana mwingine, wa Liuli, nilimshauri mwenyewe asihangaike na Hisabati, ambayo ilikuwa ikimwangusha, aende kidato cha tano kwa masomo ya sanaa pamoja na somo langu, kwa kuwa kwangu alipata A. Akafaulu, nami nikajisifu. Alipotaka kozi ya TEHAMA tukafungua mwongozo wa TCU, ambao hutaja kozi kwa kozi masomo yanayohesabiwa. Somo langu halikuwemo. Hisabati ilitajwa, na yeye ya kidato cha nne alikuwa na F. Akaanzia cheti, kisha diploma, ambako anayetaka kuingia shahada anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0. Miaka mitatu hiyo, na mjomba wake aliuza mashine ya boti kulipa ada. Kijana hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Lipo na suala la mkopo. Wazazi wengi waliwakataza watoto kuomba Bodi ya Mikopo kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, wakiiona ni riba. Sikuwalaumu. Lakini tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na bado nakutana na mzazi anayekataza kwa sababu ileile, hajasikia. Maimamu wangelitangaza hili baada ya Swala.

Wakati wa kuagana, mzee akanieleza kuwa ana binti kidato cha pili, naye anataka kumfuata kaka yake.

“Hisabati anapata ngapi?” nikamuuliza.

Hakujua. Akaingiza mkono mfukoni apige nyumbani kuuliza, akaitoa ile simu, akaitazama. Nikampa yangu.