Ramadhani, Siku ya 12: Daku na Mwenzako



Msiruke daku. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ndani yake mna baraka. Wala si lazima pilau. Uji wa dona, maharage yaliyobaki, ndizi moja na maji ya kutosha vinakaa tumboni. Chai yenye sukari nyingi na andazi tu? Saa nne asubuhi unasinzia darasani.

Ila leo mtazame na mwenzako wa chumbani. Akisema, "Mi sili daku, nishazoea," usiharakishe kumwamini. Huenda bumu limeisha, anaona haya kusema. Usimhoji. Ongeza maji na unga sufuriani, kisha muamshe: "Amka tule, alfajiri inakaribia."

Allah atutakabalie. Aamin.