Jino Lililonyamaza: Jibu kwa Ndugu Yetu wa Kachibora

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye kwa kutafuta riziki amehamia Kachibora, mji mdogo ulio mashariki ya Kitale, kwenye njia ya kuelekea milima ya Cherangani. Suali lenyewe lina vichwa viwili. La kwanza ni la binti yake, ambaye anakaribia kuolewa, naye ametaka kuyafanya meno yake yawe meupe kwa unga mweusi aliouziwa sokoni, na mama yake amemwongezea shauri la ndimu na majivu. La pili ni lake mwenyewe. Gego lake la chini lilimuuma siku 12, usiku halali, kisha asubuhi moja akaamka maumivu yamekwisha kabisa. Auliza: je, amshukuru Mwenyezi Mungu na aliache jino lake kama lilivyo, hasa kwa kuwa Ramadhani imekaribia, naye aogopa kuwa sindano ya ganzi itambatilishia saumu yake?

Kumshukuru Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu katika kila hali. Lakini kuliacha jino hilo, la. Nasi twaanza na kichwa hiki cha pili, ijapokuwa yeye amekitaja mwisho, kwa sababu ndicho chenye hatari.

Yatupasa kwanza kujua jino lilivyoumbwa. Nje lina gamba, nalo ni gumu kuliko kitu chochote kilichomo mwilini, hata mfupa. Lakini gamba hili halina uhai, na likilika haliotei tena. Chini yake pana tabaka lililo laini zaidi, lenye rangi ya manjano. Na katikati kabisa pana kiini, nacho ni nyama hai yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Sasa, ule utando unaonata tunaouhisi kwa ulimi tuamkapo asubuhi, tunaouita ukoga, umejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Sukari tunayokula ndiyo chakula chao, na kila wakila hutoa tindikali inayolimumunya gamba kidogo kidogo. Huyo ndiye "mdudu wa jino" wa kweli. Ama wale wanaozunguka na moshi na mbegu wakidai kumtoa mtu funza katika jino, na kumwonyesha kijidudu cheupe kwenye pamba, hao wauza kiini macho.

Lililo muhimu hapa si wingi wa sukari tu, bali ni mara ngapi yaingia kinywani. Mtu akinywa kikombe kimoja cha chai tamu pamoja na chakula, mate yake huweza kuiosha tindikali ile baada ya muda wa nusu saa au zaidi. Lakini mwenye kukaa dukani toka asubuhi mpaka magharibi, kila mgeni akija wakanywa chai ya maziwa, na katikati akitafuna kipande cha muwa, huyo kinywa chake hakipati faragha hata kidogo. Kitale na Bungoma ni nchi ya maziwa na miwa, na chai huko ni ukarimu usiokataliwa. Wala sisi wa pwani hatuna la kuwacheka, tulio na halua zetu, kaimati zetu na visheti vyetu.

Basi tundu likiwa bado katika gamba, hapana maumivu yoyote. Likifika tabaka la pili, mtu huanza kusikia mchomo kwa kitu baridi au kitamu, mchomo upitao upesi. Hapo ndipo pa kwenda kwa tabibu, kwa kuwa kuziba huwa rahisi na jino hubaki zima. Lakini wengi wetu twahamia kutafuna upande wa pili! Tundu likishafika kwenye kiini, kiini huvimba, nacho kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka. Ndiyo maana maumivu yake huwa makali mno, na huzidi mtu akilala, kwani damu humiminika zaidi kichwani. Hali hii ikidumu siku kadhaa, kiini hufa. Na kilichokufa hakiumi.

Hili ndilo lililompata ndugu yetu. Jino lake halikupona. Mshipa wake ndio uliokufa. Vijidudu vilivyokuwa vikiula sasa vina nyumba isiyofikiwa na damu wala na dawa, navyo hushuka mpaka ncha ya mzizi na kutoka nje, katika mfupa wa taya, na huko hufanya usaha. Yaweza kupita wiki, yaweza kupita miezi, na mtu akatembea akisema dawa ya mtishamba fulani ilimponya. Kisha siku moja shavu likavimba. Na magego ya chini yana hatari yake khasa, kwa kuwa usaha wake huweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukabana njia ya pumzi. Watu hufa kwa jambo hili, nao ni watu wazima wenye nguvu zao. Kwa hiyo mwenye kuona uvimbe chini ya taya au chini ya ulimi, au homa pamoja na uvimbe, au kinywa hakifunguki, au kumeza mate kwamshinda, huyo asingoje asubuhi. Naende hospitali usiku huohuo, hata kwa gari la kukodi.

Jingine ambalo latusikitisha ni ada ya kununua vidonge vya kuulia vijidudu viwili viwili dukani, kama pipi. Vidonge hivyo haviingii ndani ya jino lililokufa, kwa kuwa hapana damu ya kuvichukua. Hutuliza uvimbe kwa siku chache na ugonjwa ukabaki pale pale, na vijidudu vikazoea dawa. Tabibu akiviandika, kwa sababu ya homa au uvimbe unaoenea, vimezwe vyote kama alivyoagiza. Lakini kazi yenyewe ni ya mkono wake katika jino.

Ama kwa mwenye kuumwa usiku naye yuko mbali na tabibu, yapo ya kumpunguzia mpaka kupambazuke. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alale kwa kuinua kichwa juu ya mito miwili. Mtu mzima asiye na maradhi ya ini aweza kumeza paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, na kwa muda wa saa 24 visizidi 8. Na karafuu, ambayo visiwa vya Unguja na Pemba vimeipeleka ulimwengu mzima, ina dawa ya kweli ndani ya mafuta yake: hutia ganzi, na matabibu wenyewe huyachanganya mafuta hayo na unga wa oksidi ya zinki wakafanya kizibo cha muda. Tone moja juu ya pamba, likatiwa ndani ya tundu, latosha; likimwagika huuchoma ufizi, na watoto wadogo wasipewe. Lakini kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya ufizi, kwani huuchoma ukawa mweupe kama ulioungua kwa moto. Ama mafuta ya taa na maji ya betri, wapo watiao hata hivyo, nasi hatuna la kusema ila kwamba ni sumu.

Sasa juu ya saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni wa nchi za Kiislamu, walipokutana Jidda mwaka 1997 waliliangalia jambo hili. Walikata shauri kwamba kuchonga jino lililooza, kuling'oa, kusafisha meno na kupiga mswaki hakubatilishi saumu, maadamu mtu hakumeza kitu kilichoingia kooni. Na kadhalika sindano isiyokuwa ya chakula. Kwa hivyo hofu ya ndugu yetu haina msingi. Hata hivyo twamshauri aende kabla ya mwezi kuandama, si kwa sababu ya sindano, bali kwa sababu baada ya kung'olewa mtu huhitaji kunywa maji na kumeza dawa.

Nalo si lazima ling'olewe. Jino lililokufa, mzizi wake ukiwa bado imara, tabibu aweza kukitoa kiini chake, akausafisha mfereji wa mzizi mpaka nchani na kuuziba, jino likabaki kinywani na kutafuna miaka mingi. Kazi hii huchukua safari zaidi ya moja na gharama yake ni kubwa kuliko kung'oa. Asiye na uwezo akachagua kung'oa hatumlaumu. Twamlaumu mwenye uwezo ambaye angoja hadi hapana la kufanya ila kung'oa. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulikuta kwamba katika kila watu wazima watatu, mmoja ana jino lililooza, na kwamba takriban wote fizi zao zatoka damu. Mtu akiona damu huacha kupiga mswaki akidhani aujeruhi ufizi. Kinyume chake ndiyo haki: damu ni dalili ya ukoga uliosalia, na ufizi ukisafishwa kwa upole damu hukoma.

Tuje kwa binti. Kwanza ajue kwamba meno ya watu hayakuumbwa rangi moja, na jino zima lenye afya huelekea umanjano, kwa kuwa rangi ya tabaka la ndani huonekana kupitia gamba. Unga ule mweusi ni makaa yaliyosagwa. Makaa na majivu husugua kama msasa, nayo huondoa doa kwa kuondoa gamba pamoja nalo. Ndimu ni tindikali, hulainisha gamba. Na mwenye kupaka ndimu kisha akasugua kwa majivu amelainisha kwanza ili apate kukwangua vyema. Siku za mwanzo meno yatang'aa na shoga zake watamsifu. Kisha gamba likipungua, lile tabaka la manjano litakaribia kuonekana, meno yazidi kugeuka rangi, naye azidi kusugua! Na maji baridi yatamtia ganzi kila ayanywapo.

Yafaa kuuliza doa limetoka wapi. La chai, la kahawa, la tumbaku na la tambuu huwa juu ya jino, na tabibu huliondoa kwa kusafisha tu, mara nyingi katika kikao kimoja. (Na kwa kuwa tumetaja tambuu: Shirika la Afya Duniani, kwa taasisi yake ya kuchunguza saratani, lilitangaza mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, huleta saratani. Wazee wetu wa pwani wangelijua hili wasingeliitia katika sinia ya arusi.) Madoa mengine yamo ndani ya jino. Mtu aliyekulia Nakuru, au Naivasha, au kule Maji ya Chai karibu na Arusha, alikunywa utotoni maji yenye floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa kuwa mpaka, nayo yakampaka meno rangi ya kahawia yalipokuwa bado yaumbwa ndani ya ufizi. Rangi hiyo haitoki kwa kusugua hata kwa mchanga, wala si uchafu, na ni dhuluma kumchekea mtu kwayo. Na jino moja likigeuka kijivu peke yake, huenda ni lililokufa. Hilo ni la kutibiwa, si la kupakwa.

Wapo wanaotaka dawa ya kung'arisha yenyewe, ambayo ni peroksidi. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 zimekataza kuuzwa dukani ile inayozidi sehemu 0.1 katika mia. Yenye nguvu zaidi, mpaka sehemu 6, huanza mkononi mwa tabibu, wala haipewi aliye chini ya miaka 18. Huleta uchungu wa meno kwa siku kadhaa, weupe wake haudumu milele, na vizibo havigeuki rangi pamoja na meno. Na ikitiwa katika jino lenye tundu, basi ni taabu juu ya taabu. Wala kuondoa uchafu si sawa na kuyachonga meno ili yaachane kwa kutafuta uzuri, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelikemea vikali.

Ambalo amelipenda twalijua sote: alikaribia kuwalazimisha umma wake mswaki kwa kila sala, asiwalazimishe kwa kuwahurumia. Kijiti chetu cha mswaki kikitafunwa ncha hadi kiwe nyuzi, kikapitishwa polepole kwenye mpaka wa jino na ufizi, na ncha ikikatwa inapochakaa, husafisha ukoga sawa na brashi. Lakini floraidi ya kulitia gamba nguvu hakina ya kutosha. Kwa hiyo kijiti kwa sala, na brashi yenye dawa ya meno mara mbili kwa siku, ya mwisho ikiwa kabla ya kulala; mtu ateme povu asisukutue kwa maji mengi. Katika Ramadhani iwe baada ya futari na baada ya daku.

Basi ndugu yetu na aanze katika hospitali ya hapo Kachibora, aulize siku ya tabibu wa meno; akiambiwa hayupo, apande gari mpaka hospitali kubwa ya Kitale. Aseme wazi kwamba jino liliuma siku 12 kisha likanyamaza, asije akasema tu "haliumi." Na amchukue binti yake safari hiyohiyo, kwani kusafisha na kutibu hufanywa katika chumba kimoja. Unga ule mweusi auache nyumbani. Wafaa kusugulia sufuria.