Hesabu ya Kutoa kwa Kukopa

Katika hesabu ya kutoa liko jambo moja linalowashinda watoto wengi, na watu wazima pia, wala si kwa uvivu. Ni lile la kukopa. Neno lenyewe hupotosha, maana akopaye hana budi kulipa, na mtoto hungoja aone deni likilipwa, asilione. Afadhali tuseme kuvunja.

Tuseme mtunza hazina wa mtaa mmoja huko Masuguru ana shilingi 40,200 za sadaka, naye amenunua misumari ya shilingi 17,800. Aandika 40,200, na chini yake 17,800. Akiona ya kuwa 8 haitoki katika 2, ageuza, atoa 2 katika 8, aandika 6. Kadhalika 7 na 0, aandika 7. Mwisho apata 37,600. Sanduku likifunguliwa mbele ya wazee, zimo 22,400 tu. Hakuiba hata senti moja, walakini daftari lake mwenyewe lasema 15,200 zimepotea. Nani atamwamini?

Na azitandaze fedha mezani: noti 4 za elfu kumi, noti za elfu hakuna, sarafu 2 za mia. Atakiwa kutoa mia 8. Noti ya elfu ya kuvunja hana. Basi kwanza avunje moja ya elfu kumi, apate 10 za elfu. Kisha katika hizo avunje moja, apate sarafu 10 za mia. Sasa zipo 3 za elfu kumi, 9 za elfu, na sarafu 12 za mia. Zihesabuni: ni 40,200 vile vile, wala hakuna deni. Akitoa 1, 7 na 8, zabaki 2, 2 na 4. Wengi hukwama penye ile 9, wakaandika 10. Mwalimu na akawie hapo.

Tena msiwafundishe ya kuwa kila mara huvunjwa kumi. Kabla ya mwaka 1904 rupia ya Wadachi ilikuwa na pesa 64. Baadaye ikagawanywa kwa heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu hela. Basi katika rupia 3 na pesa 10, mtu akitoa rupia 1 na pesa 45, alivunja rupia akapata 64: pesa 74 toa 45 ni 29, na rupia 1.

Saa nayo ina dakika 60. Jaribuni: saa 4 na dakika 15, toa saa 1 na dakika 40. Jibu lijumlisheni na kile kilichotolewa. Lisiporudi saa 4 na dakika 15, anzeni tena.