SOMO: Kuchagua Trekta la Kwanza kwa Shamba Dogo



Kikundi kinapofikiria kununua trekta, swali la kwanza huwa bei. Luka 14:28 inatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Tuhesabu kabla ya kukopa, maana shamba lililowekwa rehani kwa chombo kisichofaa linaweza kupotea.

1. Hesabu ekari na saa
Plau la diski 3 hukata upana wa karibu mita 0.9. Likivutwa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, pamoja na muda wa kugeuza, ekari moja huchukua kama saa moja na nusu. Ekari 10 ni saa 15, yaani siku mbili au tatu kwa msimu. Siku zinazobaki, nani atalipa mkopo? Asiye na wateja wa uhakika wa kuwalimia au kuwabebea mazao, ni heri akodi.

2. Tazama ardhi
Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilipeleka pawatila vijijini. Mashine hizi za nguvu farasi 12 hadi 16 zinafaa majaruba ya mpunga, kama ya Kamsamba. Kwenye udongo mgumu uliokauka nyingi zilishindwa, zikabaki kuvuta tela. Hapo plau la diski 3 huhitaji trekta la nguvu farasi 60 hadi 75. Kwenye miteremko mikali ya Ileje trekta huweza kupinduka; maksai ni salama zaidi.

3. Tafuta vipuri na fundi
Kabla ya kulipa, ulizia chujio, mkanda wa feni na diski za aina hiyo Tunduma, Vwawa na Mbeya. Kipuri kikikosekana mvua za Novemba zikianza, msimu umekwenda.

4. Likiwa limetumika
Nenda na fundi wenu. Liwashwe injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni dalili ya kula oili. Nyanyua plau, zima injini. Likishuka haraka, haidroliki ina kasoro. Likitoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nyaraka za forodha zithibitishwe TRA kabla ya fedha kutolewa.

Kazi ya kamati
Kabla ya kikao kijacho, andikeni: (a) ekari za kila mwanachama; (b) wateja walioahidi; (c) bei ya kulima ekari moja kijijini kwenu; (d) gharama za dizeli, dereva, matengenezo na marejesho. Mapato yasipozidi gharama, kodini msimu huu, mkiweka akiba.

Kwa wafadhili: msaada wa trekta uende pamoja na plau, mafunzo ya dereva na fedha za matengenezo. Trekta lisilo na plau halilimi.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.